Sivichomi Vitambaa Vyangu

Ruiri,
9 Juni 2025

Tata yangu mpendwa,

Na bado nasema sitamficha mume wangu. Hapo ndipo tulipokuwa tumefika kwenye simu Jumapili, kabla mumeo, Mzee Gachoki, hajapita na wewe ukageuza maneno ghafla, ukaanza kuniuliza kuhusu mvua. Nilijua ni yeye, kwa sababu simu yako hukaa kwenye spika na nilisikia viatu vyake vya gambuti vikiburuzwa. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Tangu sikio lako la kushoto lilegee, Kianjokoma nzima inajua mambo yangu, na barua haina spika. Naftaly hupeleka vitunguu Embu mara kwa mara, pikapu yake ikitaka, na amekubali kupitia kwako.

Huku tu wazima. Mama mkwe anakusalimu. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike na Mwiti amempa jina langu. Mama yake alinuna, akasema tangu lini mtu akampa ndama jina la mkewe. Mwiti akamjibu kwamba ndiye ndama mzuri kuliko wote waliowahi kuzaliwa hapa, na hakuna jina jingine linalomtosha. Tata, nilienda nyuma ya ghala nikacheka peke yangu mpaka nikatoa machozi. Ni mwezi wa tatu sasa wa ndoa, na bado nikisikia lango jioni moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Ananipashia maji ya kuoga. Ananichania nywele, vibaya sana, na mimi namwacha. Ukiniona utasema nimerogwa, na dawa yake siitaki.

Sasa yale mambo yetu. Unakumbuka miaka niliyokaa Manyatta nikisikiliza kanda za watu wa ng'ambo na kuziandika kwenye kompyuta, wakanilipa kwa bitcoin, nawe ukaiita pesa ya hewa? Hewa hiyo ndiyo itatuchimbia bwawa. Huku mvua ikikataa imekataa. Bwawa likitandikwa nailoni chini, maji ya mvua moja yanatosha vitunguu mpaka mvua nyingine, na hatutamwomba mtu maji.

Mpaka sasa pesa hiyo imekuwa ikikaa kwenye simu, mikononi mwa kampuni. Mwaka jana kampuni moja ya namna hiyo ilifunga milango, watu wakabaki wakitazama skrini. Kwa hiyo nimeagiza kifaa cha kuiweka mwenyewe. Ni kidogo kama kiberiti cha gesi, kina kioo na vitufe viwili. Ufunguo wa pesa unakaa humo ndani, mbali na mtandao. Ukikiwasha mara ya kwanza, kinakupa maneno ishirini na manne ya Kiingereza. Kifaa kikipotea au kikiungua, maneno hayo yanairudisha pesa kwenye kifaa kingine. Lakini akiyapata mtu mwingine, pesa ni yake, na hakuna meneja wa kumlilia.

Tutakiwasha kikifika, mimi na Mwiti, tumekaa bega kwa bega. Ulitaka nimfiche. Nimeshamwambia.

Ruguru wako

*

Kianjokoma,
21 Juni 2025

Mwanangu Ruguru,

Barua yako imefika, imenuka vitunguu. Tumshukuru Mungu kwa ndama. Hapa chai imechumwa vizuri, mguu wangu unasumbua asubuhi tu, na Ciakuthii wa jirani bado anaonyesha kila mtu picha za harusi yako kwenye simu yake. Mzee yupo.

Nimefurahi kwamba unapendwa. Mimi na dada yangu, marehemu mama yako, hatukukulea ili ununiwe. Lakini nimefundisha chekechea miaka mingi na najua mtoto anayeonyesha andazi lake ni yupi na anayebaki bila ni yupi. Mwanamke huwa na kitu ambacho nyumba haijui. Si kwa ubaya. Mwiti leo anakuchana nywele. Sisemi ataacha. Nasema wewe huwezi kujua, na yeye pia hawezi.

Fanya hivi. Mwambie kifaa kilikataa. Kiwashe peke yako, uandike maneno hayo kwenye karatasi, uikunje vizuri, umpe Naftaly ndani ya bahasha iliyofungwa. Nitaiweka kwenye sanduku langu la bati, ufunguo ninalala nao.

Usiniulize kwa nini. Na usiniulize tena kuhusu shamba la chini, kama ulivyoniuliza siku ya harusi mbele ya watu.

Tata wako,
Marcella

*

Ruiri,
30 Juni 2025

Tata yangu,

Shikamoo, na pole kwa mguu. Mama mkwe anasema ukande kwa maji ya chumvi. Ndama mwenzangu ananyonya vizuri. Baridi ya huku imeanza, na Mwiti amenipa koti lake kubwa, yeye anatembea akitetemeka na kusema hasikii chochote.

Jibu langu ni hapana. Nalisema kwa heshima zote, na nikiulizwa tena nitalisema tena. Siwezi kulala kitanda kimoja na mtu nikimwambia kifaa kilikataa. Wewe mwenyewe ulinichapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Na barua yako ilikuta tumeshakiwasha, mchana mmoja baada ya kukamua. Kwanza tulikagua boksi kama limewahi kufunguliwa, kwa sababu kuna watu huuza vifaa vyenye maneno yaliyokwisha kuandikwa kwenye kadi, ukiyatumia wanakungoja upande wa pili. Letu lilikuwa zima na kadi ilikuwa tupu. Tukaweka namba ya siri. Ukiikosea mara tatu, kifaa kinajifuta chenyewe. Halafu maneno yakaanza kuja kwenye kile kioo, moja moja. Mwiti anasoma, mimi naandika. Tata, ilikuwa kama tunakula kiapo kwa mara ya pili. Moja ni jina la ndege, jingine ni tunda, jingine ni kitu cha jikoni. Alivyokuwa akiyasoma kwa Kiingereza chake cha hapa Buuri, mimi nilisikia shairi la mapenzi.

Shemeji yangu Murungi, yule mwenye duka la simu hapa sokoni, alipopata habari alikuja mbio. Akasema tumpelekee yale maneno ayapige picha na kuyaweka kwenye kompyuta yake, yatakuwa salama zaidi, na kwamba katika boma hili vitu vya namna hiyo hushikwa na wanaume. Nilimwambia maneno haya hayaingii kwenye simu wala kompyuta ya mtu yeyote, iwe yangu au ya mume wangu. Akamgeukia Mwiti amsaidie. Mwiti akamwambia, "Umesikia mwenye pesa." Nilitamani kumbusu hapo hapo mbele ya shemeji.

Karatasi ndiyo ilitaka kuniua. Niliificha chini ya godoro, na wiki ya pili nikakuta mchwa wamekula pembe nzima. Yaliyobaki nilikuwa nayakumbuka, nikahakikisha kwenye kifaa, hakuna lililopotea. Nimeyahamisha. Yako mahali ambapo mchwa hawatambui kama ni chakula, mahali pa wazi kabisa, na hata wewe ungekuja ukakaa hapo hapo usingejua. Nimetumia kazi uliyonifundisha mwenyewe. Nimejivunia sana.

Sanduku la bati halihitajiki.

Ruguru wako, ambaye bado anakupenda

*

Ruiri,
13 Agosti 2025

Tata,

Salamu. Sisi tu wazima. Ng'ombe wazima. Mahindi yamekauka, tunavuna.

Julai yote sikupata hata mstari kutoka kwako. Nilimuuliza Naftaly kama ulimpa kitu, akasema ulimpa chai na mkate na ukamuuliza kama nimenenepa. Nikasema basi, Tata amekasirika, atapoa. Nikaendelea na nyumba yangu.

Mwezi huu akina mama wa kanisa walikuja kutuombea nyumba. Walijaa sebule mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Waliimba, wakala, wakapiga picha nyingi, na kila mmoja akasifu vitambaa vyangu vya makochi, maua ya bluu na maandishi. Walidhani ni maneno ya sala ya Kiingereza. Nilijiona bibi harusi kwa mara ya pili.

Halafu Jumapili ndiyo unanipigia. Baada ya wiki sita. Hukusalimu hata mume wangu. Unaniambia, na spika yako imewashwa na Mzee anakohoa pembeni: "Ruguru, toa vitambaa kwenye makochi. Vichome. Usiniulize." Ukakata.

Basi nakujibu. Sivichomi. Nimevishona kwa mkono wangu jioni zangu zote za mwisho wa Juni, Mwiti akinishikia uzi. Kama picha zimefika huko na Ciakuthii amesema vinatisha, au mshono wangu umeenda upande, mwambie aje anifundishe. Ulitaka kuniamulia kuhusu pesa, nikakataa. Sasa unataka kuniamulia kuhusu sebule. Mimi si mtoto wako wa chekechea tena.

Ulipopiga tena jioni na asubuhi yake, niliona. Sikushika makusudi.

Ruguru

*

Kianjokoma,
14 Agosti 2025

Ruguru,

Salamu zitangoja.

Sijapata barua kutoka kwako wala simu. Nimempa mwanafunzi wangu wa zamani anayekuja huko Meru leo barua hii, na nimemwambia asiitoe mkononi mpaka akuone wewe mwenyewe.

Ciakuthii alinionyesha picha ya akina mama wakiwa kwenye makochi yako. Iko kwenye kile kikundi cha harusi, na watu wa kikundi hicho ni wengi kuliko waumini wa kanisa letu. Niliona mshono wangu. Nikavaa miwani nione kama umekaza uzi nilivyokufundisha. Nikasoma jina la ndege. Kitambaa cha pili, tunda. Kuna maneno manne kwa kila kitambaa na hakuna linaloshikana na jirani yake. Wewe ndiye uliyeniandikia kuhusu ndege na tunda, mwanangu. Kama mwanamke wa Kianjokoma mwenye sikio moja ameweza kulijua hilo akiwa jikoni kwa jirani, mwenye nia mbaya atashindwa nini?

Bahati yako ni mabega mapana ya akina mama wa Ruiri. Vitambaa viwili vimefunikwa kabisa. Lakini sijui picha ngapi zilipigwa, na ni nani aliyekaa wapi kwenye zile nyingine.

Kwenye simu nisingeweza kusema zaidi. Mzee alikuwa hapo. Unataka kujua kwa nini namwogopa asikie? Ile kahawa ya shamba la chini niliipanda mimi na mama yako. Hati ilikaa kwenye kabati, kila mtu nyumbani anajua ilipo, kwa sababu mimi na Mzee tulikuwa tunapendana na hatukufichana kitu. Asubuhi moja niliteremka na kikapu nikakuta watu nisiowajua wanachuma. Sikuwahi kuulizwa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Ondoa ile pesa. Fanya unavyojua kufanya, na ukitaka umshirikishe Mwiti wako mshirikishe. Lakini iondoe.

Marcella

*

Ruiri,
25 Agosti 2025

Tata yangu, mama yangu,

Shikamoo mara nyingi. Sisi tu wazima, na sasa nasema hivyo nikiwa na maana yake.

Mwanafunzi wako alinikuta nikimwaga maji ya kuoshea ndoo. Nilisoma nimesimama. Nilipomaliza nikakaa kwenye jiwe la kufulia, na Mwiti akatoka zizini mbio akidhani kuna msiba. Nikampa barua. Akaisoma yote, hata ile sehemu ya kahawa. Samahani kwa hilo, lakini nilikuwa nimekwisha kusema simfichi. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Kwanza tuangalie kama ipo."

Ilikuwapo. Yote. Nililia, halafu tukaanza kazi.

Nikueleze ujue kwamba sikukataa bure. Kifaa tunacho kimoja tu. Ilibidi kwanza kifutwe, kizaliwe upya na maneno mengine, kitupe anwani mpya, tuiandike. Halafu kifutwe tena, kirudishiwe yale maneno ya zamani kwa mara ya mwisho, ndipo pesa iamriwe kuhamia anwani mpya. Na karatasi ya zamani nilikuwa nimeichoma baada ya mchwa. Maneno ya zamani yalikuwa yamebaki kwenye vitambaa tu. Ningekutii ile Jumapili, tungefuta kifaa na kukosa pa kurudia.

Basi tukaenda sebuleni kuvikusanya. Vilipaswa kuwa sita. Vikawa vitano.

Tata, tulipindua makochi. Tulitazama chini ya kapeti. Kifaa kilikuwa kimeshafutwa, kiko mezani kinangoja, na mimi nahesabu vitano tena na tena kana kwamba cha sita kitazaliwa. Mwiti akatoka akamuuliza mama yake. Mama mkwe alikuwa jikoni kwake, na kitambaa changu kilikuwa kimefunika sufuria ya maziwa ya mgando, kimelowa pembe moja. Akatuambia alikichukua kwa sababu kina matundu madogo mazuri ya kupitisha hewa, na kwamba tuliokuja kumwuliza habari za kitambaa kana kwamba ni mkufu wa dhahabu tuna kichaa. Nilimkumbatia na kile kitambaa kikiwa katikati yetu. Sasa mimi na yeye tunanuka maziwa.

Tukayaingiza kwa kitufe, herufi kwa herufi. Pesa ikahama. Tulisubiri uthibitisho tukiwa tumeshikana mikono kama siku ile mbele ya padri. Ulipofika, Mwiti alimwendea ndama akamwambia. Hiyo ndiyo furaha ya mume wangu.

Maneno mapya hatukuyaandika kwenye karatasi wala kitambaa. Mwiti ana mihuri ya chuma ya kugongea herufi kwenye hereni za masikio ya ng'ombe. Alikata kipande cha bati zito lisiloshika kutu, akagonga kwa nyundo, herufi nne za mwanzo za kila neno, maana hizo zinatosha kulitambua. Mchwa wajaribu. Moto ujaribu. Na kabla ya kuchukua ile anwani mpya tulikuwa tumeongeza neno moja la ziada, tulilolichagua wenyewe, ambalo halikuandikwa mahali popote. Bila hilo, bati lenyewe linafungua nyumba tupu. Neno hilo analijua Mwiti na ninalijua mimi.

Sasa nakuomba jambo. Kifaa kitakaa hapa kikiwa kimefutwa, bila yale maneno mapya ndani. Bati nataka likae kwenye sanduku lako. Wewe utakuwa na bati bila neno. Sisi tutakuwa na neno bila bati. Nyumba yetu ikiungua, tutakuja kwako. Na siku yoyote mmoja wetu akitaka kuiondoa pesa kwa siri, atapita mbele ya macho yako kwanza, na macho yako nayajua.

Hii si kwa sababu namshuku. Ni yeye aliyesema, baada ya kusoma kuhusu ile kahawa. Alisema, "Mpelekee Tata. Aliyewahi kuibiwa hulinda vizuri."

Ruguru wako

*

Kianjokoma,
3 Septemba 2025

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu. Mguu umepoa, chumvi ya mama mkwe wako imefanya kazi, mwambie. Mzee yupo, anauliza kwa nini ninaandika sana siku hizi. Nimemwambia naandika mapishi.

Nimesoma barua yako mara mbili. Niliposoma kuhusu ile sufuria ya maziwa nilicheka mpaka Ciakuthii akaja kuuliza.

Bati nitalipokea. Lile neno la ziada usiniandikie. Usinidokezee hata kama ni ndege.

Lakini usimpe Naftaly. Lilete kwa mkono wako. Na huyo kijana aliyesema maneno yale aje nimwone akiwa hana suti ya harusi. Nataka nimtazame anavyokunywa chai.

Najua mila za huko, bibi harusi harudi kwao mpaka wakwe wampeleke na soda zao. Nitangoja.

Marcella

*

Ruiri,
8 Septemba 2025

Tata yangu,

Tu wazima, ndama amekuwa mkorofi, vitunguu vya mwisho vimetoka. Fundi amekuja kupima bwawa. Anasema likitandikwa kabla ya mvua za Oktoba litajaa. Mwiti amesimama kwenye pembe nne za kamba alizofunga fundi na kunionyesha nitakapokuwa nikikaa jioni, na mahali atakapoweka kiti changu.

Usingoje. Mama mkwe alisema bibi harusi hatoki mpaka kreti za soda zinunuliwe na wazee wakae, na wazee hawa, Tata, wakianza kukaa hawainuki. Nikamwambia nakwenda kwetu kuona mwanamke aliyenilea, na soda watazileta siku yao.  Halafu akaniuliza kama sanduku lako lina kufuli zuri. Amesema atatufungia chupa ya mgando ya kukuletea, na itakuwa imefunikwa na kitambaa.

Vitambaa vyote sita nakuja navyo. Maneno yake yamekufa sasa, hayafungui kitu, hata Murungi akitaka ayapige picha. Nilisema sivichomi na sijavichoma. Vitandike kwenye makochi yako, mbele ya Ciakuthii na mbele ya Mzee, na akikuuliza maana yake mwambie ni mapishi.

Na tukishakunywa chai, na umemtazama Mwiti mpaka umetosheka, nataka unishike mkono tuteremke mpaka shamba la chini. Sote watatu. Tusimame kwenye mpaka. Hatutagombana na mtu. Nataka tu unionyeshe mistari uliyopanda wewe na ile aliyopanda mama, mchana kweupe, na mtu yeyote atakayetazama atazame.

Teleka chai. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Ruguru